Pole na kuuguza: jinsi ya kumsaidia jirani mwenye mgonjwa hospitalini

Mtu akilazwa, macho yote huelekea kitandani. Watu wanapiga simu kuuliza hali ya mgonjwa, wanatuma salamu, wanamwombea, na yote hayo ni mema. Lakini kuna mtu mwingine pale hospitalini ambaye hakuna anayemuuliza kama amekula: yule anayeuguza. Alfajiri yuko kwenye daladala na hotpoti mapajani. Mchana anazunguka kati ya maabara, duka la dawa na dirisha la malipo. Jioni anarudi nyumbani anakuta watoto wanamsubiri, nguo hazijafuliwa na ndoo za maji hazina kitu. Katika hospitali zetu nyingi ndugu ndiye anayeleta chakula, anayefua khanga na mashuka ya mgonjwa, anayekimbia kununua dawa iliyokosekana, na mara nyingi ndiye anayemgeuza na kumwogesha. Yeye akianguka, mgonjwa amebaki bila mtu.

Kwa hiyo msaada ninaouelezea hapa unaanzia kwake. Mazingira ni ya Tanzania, na hakuna hatua hata moja inayohitaji uwe na pesa nyingi.

Hatua ya 1: Mtafute anayeuguza, na usimwachie yeye kazi ya kuomba

Wengi tunasema, "Ukihitaji chochote usisite kuniambia," kisha tunakaa kusubiri. Simu haiji. Mtu aliyelelewa kwa staha hawezi kukupigia saa mbili usiku akwambie mtoto wake hana daftari au kwamba amebakiwa na nauli ya kwenda tu. Ataona haya, tena wewe si ndugu yake wa damu.

Badala yake, chagua jambo moja unaloliweza, taja siku, taja saa, kisha umwachie nafasi ya kukubali au kukataa. "Mama Asha, pole na kuuguza. Kesho chakula cha mchana cha mgonjwa nitakipeleka mimi. Anaruhusiwa kula nini?" Sentensi hiyo inamwondolea mtu mzigo wa siku nzima. Au: "Shemeji, Jumatano na Alhamisi watoto watatokea kwangu kwenda shule. Leta sare zao leo jioni." Ukitaja jambo dogo na ukalitimiza, atakuamini hata kwa kubwa. Ukiahidi makubwa usionekane, umemwongezea mawazo, kwa kuwa alishakupangia nafasi kwenye ratiba yake.

Kama hamjuani sana, pitia kwa mtu wa karibu naye: mjumbe wa nyumba kumi, kiongozi wa jumuiya ndogondogo, mama wa kikoba, imamu au katibu wa kwaya. Hao wanajua mlango gani wa kuingilia bila kumfanya mtu ajione ombaomba.

Hatua ya 2: Tengenezeni zamu kabla watu hawajachoka

Wiki ya kwanza huwa na baraka nyingi kupita kiasi. Siku moja wanakuja watu watano na machungwa, na mgonjwa mwenyewe hali. Wiki ya tatu hakuna mtu. Zamu ndiyo dawa ya hali hii.

Watu wanne au watano wanatosha. Mmoja awe mratibu, na awe ndiye pekee anayezungumza na familia, ili anayeuguza asipokee simu kumi zinazouliza kitu kilekile. Andikeni kwenye karatasi au kwenye kundi la WhatsApp: nani anapeleka chakula siku gani, nani anafua, nani analala wodini kama hospitali inaruhusu, nani ana gari au bodaboda ya kuaminika ikitokea dharura usiku. Wekeni na siku za mapumziko, maana ndugu nao wanataka kuwa na mgonjwa wao. Kundi hilo la WhatsApp lisiwe la kurusha picha za mgonjwa wala majibu yake ya vipimo. Taarifa za afya ni siri ya mwenye mwili, na tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayozitambua kuwa taarifa nyeti.

Hatua ya 3: Chakula

Hapa ndipo majirani wengi wanapoanzia, na hapa ndipo upendo unapoweza kudhuru.

Uliza kwanza. Usimuulize mgonjwa, kwa sababu atakwambia anachotamani. Muulize anayeuguza, naye awaulize wauguzi wa wodi. Mwenye kisukari ana mpango wake wa wanga na sukari. Mwenye shinikizo la juu la damu chumvi yake hupunguzwa. Mwenye figo zilizochoka anaweza kukatazwa hata vitu tunavyoviona salama kabisa, kama ndizi mbivu, machungwa na maji ya dafu, kwa kuwa vina potasiamu nyingi na figo zake hazina nguvu ya kuitoa. Potasiamu ikizidi kwenye damu, mapigo ya moyo huvurugika. Mgonjwa anayesubiri upasuaji hatakiwi kula kitu kwa saa kadhaa kabla ya kupewa dawa ya usingizi, kwani chakula kikipanda kikaingia kwenye njia ya hewa kinaweza kumuua. Kumwonea huruma ukampa kijiko kimoja cha uji ni kumhatarisha, na angalau upasuaji utaahirishwa.

Ukishajua anachoruhusiwa, pika kidogo kuliko unavyodhani. Mgonjwa anakula kidogo. Pishi la ziada liwe la anayeuguza, na liwekwe kwenye chombo chake peke yake, ukimwambia wazi: "Hiki cha mgonjwa, hiki chako." Usipotenganisha atamlisha mgonjwa, atagawia jirani wa kitanda cha pili, na yeye atashindia chai ya rangi na andazi.

Chakula kitoke jikoni kikiwa cha moto na kiingie kwenye hotpoti moja kwa moja. Kikikaa zaidi ya saa mbili kimepoa kwenye joto la Dar es Salaam au Tanga, usikitegemee tena kwa mtu ambaye mwili wake uko dhaifu. Uji uende kwenye chupa ya chai. Weka kijiko, kikombe, sabuni ndogo na kitambaa safi kwenye kikapu, andika jina la mgonjwa na wodi kwenye vyombo, na uwahi muda wa kuona wagonjwa. Hospitali nyingi hufungua milango asubuhi mapema, mchana na jioni. Ukikuta geti limefungwa usigombane na mlinzi, jua tu kwamba kesho utoke nyumbani mapema zaidi.

Hatua ya 4: Nyumbani kwake

Huku hakuna anayekuona, na ndiyo maana kunasahaulika. Jaza maji. Fua sare za shule. Fungua genge lake kwa saa chache, uuze, umkabidhi hesabu iliyoandikwa. Lisha kuku. Kama ni msimu wa palizi, palilieni shamba lake mkiwa kikundi siku moja, kwa sababu magugu hayasubiri mgonjwa apone. Watoto waulize wanajua nini kuhusu hali ya mzazi wao na usiwape habari ambayo familia haijawapa. Wakae wakifanya mambo yao ya kawaida: shule, madrasa, mpira, kuoga, kulala mapema.

Hatua ya 5: Pesa

Pesa inasaidia, na hakuna haja ya kuizungukazunguka. Ila namna ya kuitoa ina heshima yake.

Toa kwa siri. Bahasha mkononi au muamala wa simu, na ukituma kwa simu weka na ya kutolea. Elfu kumi inayofika pungufu kwa sababu ya makato inamkuta mtu dirishani akiwa amekwama kwa shilingi mia chache.

Kama bili ni kubwa na mnachanga, hospitali za serikali hutoa namba ya malipo, ile ambayo watu wanaiita kontroo namba. Omba namba hiyo, lipeni moja kwa moja kupitia benki au simu, kisha mpelekee anayeuguza risiti. Kwa njia hiyo hakuna anayeshukiwa kula michango, na familia haibebi maneno ya watu baadaye. Fanya hivyohivyo unapokutana na tangazo la mtandaoni la kumchangia mgonjwa usiyemjua. Kabla hujatuma, hakikisha kuna mtu aliyemwona mgonjwa huyo kwa macho yake, ulizia jina la hospitali na wodi, na linganisha jina linalotokea kwenye muamala na jina la familia. Matapeli huchukua picha za wagonjwa wa watu wengine wakaweka namba zao, na kila anayetapeliwa anakuwa mgumu kwa mgonjwa wa kweli anayefuata.

Kuna msaada mwingine wa pesa ambao haukutoki mfukoni: kumwelekeza. Hospitali kubwa za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa wa ofisi hiyo ndiye anayesikiliza mgonjwa asiye na uwezo na kupima kama anastahili msamaha wa gharama. Sera ya afya ya Tanzania inatambua makundi ya msamaha, wakiwemo wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa kuanzia miaka 60 wasio na uwezo. Watu wengi huuza godoro, baiskeli au kiwanja kabla ya kubisha mlango huo, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa upo. Msindikize jirani yako. Mbebee barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji inayoeleza hali yake, kitambulisho na karatasi za hospitali, na ukae naye kwenye foleni, kwa kuwa mtu aliyekesha wodini husahau nusu ya alichokusudia kusema.

Hatua ya 6: Changia damu

Hiki ndicho kitu ambacho tajiri na maskini wanatoa sawasawa, na ndicho ninachokusihi ukifanye hata kama mengine yote umeshindwa.

Damu haitengenezwi kiwandani. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, mgonjwa wa selimundu (sikoseli), majeruhi wa bodaboda: wote wanategemea mtu mzima aliyenyoosha mkono siku chache kabla. Chembe nyekundu zilizohifadhiwa kwenye baridi hudumu takriban siku 35 hadi 42 kutegemea dawa ya kuhifadhia, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda hudumu karibu siku 5 tu. Ndiyo sababu kampeni moja kubwa kwa mwaka haitoshi. Watu wanaorudi mara kwa mara ndio wanaofanya benki ya damu isikauke.

Unafaa kuchangia kama una umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50 na unajisikia mzima. Wajawazito na wanaonyonyesha wasubiri. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Kula vizuri kabla ya kwenda na kunywa maji ya kutosha. Watu wanaozimia mara nyingi ni wale waliokuja na njaa. Utaulizwa maswali ya afya, jibu kweli hata kama swali linakugusa. Utapimwa presha na wingi wa damu, kisha itatolewa uniti moja, karibu mililita 450, katika mwili wenye takriban lita 5. Kutoa kwenyewe huchukua dakika 10 hivi. Kaa kidogo, kunywa soda au juisi, na siku hiyo usibebe mizigo mizito. Maji yaliyotoka na damu hurejea ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu ndizo zinazochukua wiki kadhaa, kwa hiyo kula maharage, dagaa, maini na mboga za majani.

Si lazima kundi lako la damu lifanane na la jirani yako. Mgonjwa hupewa inayomfaa kutoka benki, na ya kwako inaingia akibani kwa ajili ya mwingine. Kila uniti hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Damu ya mchangiaji haiuzwi. Mtu akidai pesa ili mgonjwa apate damu, peleka malalamiko kwa uongozi wa hospitali. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una vituo vya kanda katika miji kama Dar es Salaam, Mwanza, Moshi, Mbeya, Tabora na Mtwara, na hospitali nyingi za mikoa hupokea wachangiaji. Ukienda, nenda na mwenzako. Wengi wanaogopa sindano ya kwanza tu, na mtu wa kumshika bega anatosha kuwavusha.

Hatua ya 7: Ukiingia wodini

Usiende ukiwa na mafua au unaharisha. Nawa mikono kabla ya kumgusa na baada. Usikae kitandani. Mwambie "ugua pole", mpe habari za mtaani zinazochangamsha, na uondoke kabla hajachoka. Dakika 10 zinatosha.

Usimuulize ugonjwa wake mbele ya watu. Usimhadithie binamu yako aliyekuwa na dalili kama zake akafariki. Usimletee dawa ya mitishamba kwa kificho chini ya khanga, maana inaweza kugongana na dawa anazopewa na daktari asijue kilichomharibia hali. Kama anataka kulia, mwache alie. Kusali naye ni vyema akitaka, na ni vizuri kumuuliza kwanza.

Ukiwa pale, mtoe anayeuguza nje. Mwambie, "Nenda kaoge, nenda kalale, mimi nipo hadi muda wa kuona wagonjwa uishe." Chukua namba yake, andika kwenye karatasi dawa zinazotakiwa kutolewa saa ngapi, kisha kaa kweli, simu mfukoni.

Hatua ya 8: Waliotoka mbali, na wasio na mtu

Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road za Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi: hospitali hizi hupokea watu waliosafiri siku nzima au zaidi. Mtu aliyemsindikiza mgonjwa kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam amevuka zaidi ya kilomita 1,000, na matibabu ya mionzi yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Hana ndugu mjini, hajui daladala za kwenda wapi zinapita wapi, na usiku analala nje kwenye mkeka. Kama una chumba, hata sebule, mpokee kupitia watu mnaofahamiana, kanisa au msikiti, na mjumbe wa eneo lako ajue kuwa una mgeni, kwa usalama wenu nyote. Kama huna nafasi, mpe mahali pa kuoga, kufulia na kupikia. Hilo peke yake linambadilishia mtu siku zake.

Kisha wapo wagonjwa ambao hakuna anayekuja kabisa. Ukitaka kujitolea kwa ajili yao, anzia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali au kwa muuguzi kiongozi wa wodi; usiingie tu na mfuko wa zawadi ukaanza kugawa. Uliza wanakosa nini. Mara nyingi utaambiwa sabuni, mafuta ya kujipaka, mswaki, pampasi za watu wazima, khanga, kandambili, na mtu wa kuwalisha wasioweza kushika kijiko. Upande wa watoto wenye saratani, shirika la Tumaini la Maisha hufanya kazi pamoja na Muhimbili, na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1962, kina matawi mikoani yanayowafundisha wanaojitolea huduma ya kwanza. Chagua siku moja ambayo utaweza kuitunza, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Mzee anayekusubiri Jumamosi ya kwanza anaihesabu. Na usipige picha. Sabuni ya shilingi elfu moja haikupi haki ya uso wa mtu.

Hatua ya 9: Akiruhusiwa kurudi nyumbani

Siku ya kutoka kuna vigelegele, na kesho yake kila mtu anaamini kazi imekwisha. Kwa familia nyingi hapo ndipo inapoanza iliyo nzito, kwa kuwa sasa hakuna muuguzi wa zamu wala kengele ya kuita.

Kama mgonjwa hawezi kujigeuza, kwa mfano baada ya kiharusi au kuvunjika nyonga, anatakiwa kubadilishwa ubavu takriban kila baada ya saa 2, usiku na mchana, asipate vidonda vya kulalia kwenye makalio, visigino na mabega. Mtu mmoja hawezi kufanya hivyo wiki nzima na bado akaamka kwenda kazini. Omba ufundishwe namna ya kumgeuza bila kumburuta, kwa sababu kuburuta ndiko kunakochubua ngozi, kisha chukua usiku mmoja kwa wiki uwe wako. Kwa aliyepewa mazoezi ya viungo, msindikize kutembea barazani jioni. Kwa mwenye dawa nyingi, tengenezeni jedwali kubwa ukutani lenye jina la dawa, saa na alama ya kuweka akishameza.

Halafu mwangalie anayeuguza mwenyewe. Huenda ana presha na ameacha dawa zake tangu mgonjwa alipolazwa. Huenda hajapimwa, hajalala, analia bafuni. Muulize peke yake, si mbele ya mgonjwa: "Na wewe unalalaje? Unameza dawa zako?" Akikwambia amekwama, mpeleke kituo cha afya huku mwingine akishika zamu nyumbani.

Mwisho, chukua kadi ya kliniki ya mgonjwa na uandike tarehe ya kurudi kwenye simu yako. Siku mbili kabla yake mpigie ujue usafiri upoje, nani anamsindikiza, na kama majibu ya vipimo yameshachukuliwa maabara.